Mfungulie Mgeni Njia: Kumsaidia Anayeanza Atume Kiraka cha Programu kwa Barua Pepe

Mwongozo huu ni wako wewe unayejua tayari kutuma kiraka cha programu kwa barua pepe, au unayekaribia kujua, na pembeni yako kuna mtu anayetaka kuanza. Huenda wewe ni mwalimu wa TEHAMA katika sekondari mojawapo ya hapa kwetu Manyoni, au umemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma ukarudi nyumbani, au una duka la steshenari karibu na stendi na vijana huja kukuuliza mambo ya kompyuta. Huenda pia una mradi wako mdogo na unatafuta wachangiaji. Ninachokuomba ni kimoja: mwondolee mgeni ugumu wa njia kabla hujamwomba msimbo. Wengi hawashindwi na programu. Wanashindwa na nywila, na mipangilio ya seva, na mistari iliyokatika ndani ya barua, na ukimya unaofuata baada ya kutuma. Kisha wanaondoka wakiamini kazi imewazidi, kumbe hawakuwahi kuifikia.

Barua pepe haijapitwa na wakati katika kazi hii. Kerneli ya Linux, iliyoanza 1991, mpaka leo hupokea mabadiliko yake kwa njia hiyo. Git yenyewe, iliyoandikwa na Linus Torvalds Aprili 2005 na kusimamiwa na Junio Hamano tangu Julai mwaka huohuo, ni vilevile. PostgreSQL, QEMU na U-Boot nazo zimo. Imo pia glibc, maktaba ya C inayotegemewa na karibu kila programu katika kompyuta ya Ubuntu au Debian. Utaratibu hauna siri: unabadilisha msimbo, unatoa tofauti kati ya zamani na sasa kama maandishi ya kawaida (hicho ndicho kiraka), unaituma kwenye orodha ya barua pepe ya mradi, watu wanaisoma na kujibu chini ya mistari husika, na msimamizi akiridhika anaiingiza. Programu ya patch, inayoweza kuitekeleza tofauti hiyo kwenye faili la mtu mwingine, ilitolewa na Larry Wall mwaka 1985.

Nami nasema njia hii inamfaa mtu wa Manyoni kuliko inavyodhaniwa. Ukishakuwa na nakala ya mradi kwenye diski, kazi yote hufanyika bila mtandao: kusoma, kubadilisha, kujaribu, kuandika maelezo, hata kutengeneza kiraka. Kiraka cha mstari mmoja kina uzito wa kilobaiti chache tu, pungufu kabisa ya picha moja ya WhatsApp. Umeme ukikatika mchana, faili linabaki palepale kwenye folda likisubiri. Jioni unawasha mtandao wa simu kwa dakika moja, unatuma, unazima. Wakaguzi nao wengi wako Ulaya na Marekani, kwa hiyo majibu huweza kuja wewe ukiwa umelala, na asubuhi unayakuta pamoja. Hakuna anayekutaka uwe hewani saa yoyote maalumu.

Andaa kompyuta kabla mgeni hajaketi

Kazi ya kwanza ni yako peke yako. Pakua mradi mapema, kwa bando lako au ukiwa Dodoma kwenye mtandao wa chuo, kisha uje nao kwenye flashi. Historia nzima ya kerneli ya Linux inazidi gigabaiti moja, na hakuna sababu ya mgeni kulimaliza bando lake kwa kitu asichokihitaji bado. Ukiongeza `--depth 1` kwenye amri ya `git clone` unapata hali ya sasa ya mradi bila historia, na hiyo inatosha kabisa kwa kiraka cha kwanza. Kunakili folda nzima kutoka kwenye flashi kwenda kwenye laptopu ya mgeni ni njia halali. Git haijali folda imefikaje.

Kwenye Ubuntu na Debian, kutuma barua kuna kifurushi chake cha pekee:

`sudo apt install git git-email`

Wengi husakinisha git peke yake, wakashangaa kwa nini amri ya kutuma haipo. Mwenye Windows akisakinisha Git for Windows, amri ya kutuma huja humohumo.

Kisha jina na anwani. Mweleze mgeni jambo hili waziwazi kabla hajaandika chochote: jina na anwani ya barua pepe atakavyoviweka hapa vitabaki kwenye kumbukumbu za umma za mradi, na hakuna atakayevifuta. Kama ni mwanafunzi wa sekondari, kaeni mfungue anwani mpya kwa kazi hii tu, na mzazi wake ajue. Namba ya simu isiwemo kwenye sahihi ya barua. Jina liwe lile atakalolitumia siku zote, majina mawili au matatu, lakini yasibadilike kutoka kiraka hadi kiraka.

`git config --global user.name "Jina la Mgeni"`
`git config --global user.email "anwani@mfano.com"`

Huku kwetu kuna jambo dogo la kuangalia, ambalo miongozo ya nje hailitaji. Majina yenye ng' ni mengi. Mtu akilinakili jina lake kutoka kwenye simu, alama ya juu huja ikiwa imepinda, si ile iliyonyooka ya kibodi ya kompyuta. Git italipokea, ila mahali pengine jina litaandikwa kwa alama moja na pengine kwa nyingine, na mkaguzi makini atauliza kwa nini sahihi haifanani na mtumaji. Liandikeni kwa kibodi ya kompyuta, mara moja, papo hapo.

Sasa twende kwenye seva ya kutuma barua, na hapa ndipo wengi huishia. Wageni karibu wote wana Gmail, na Gmail haikubali nywila ya kawaida kutoka kwa Git. Lazima kwanza awashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yake, kisha atengeneze nywila ya programu, yaani herufi 16 ambazo Google humpa kwa ajili ya chombo kimoja tu. Keti naye wakati huu. Usimtumie maelezo ukaondoka. Hatua mbili maana yake ni simu, na laini hupotea, kwa hiyo achukue pia zile namba za dharura ambazo Google humpa, azichapishe au aziandike kwenye daftari, zikae nyumbani. Baada ya hapo:

`git config --global sendemail.smtpServer smtp.gmail.com`
`git config --global sendemail.smtpServerPort 587`
`git config --global sendemail.smtpEncryption tls`
`git config --global sendemail.smtpUser anwani@mfano.com`
`git config --global sendemail.confirm always`

Nywila yenyewe msiiandike kwenye mipangilio. Git itaiuliza wakati wa kutuma, na hilo ni jema, hasa kama kompyuta ni ya duka au ya shule. Mstari wa mwisho, ule wa `confirm`, unamfanya mgeni aulizwe kila mara kabla barua haijaondoka. Unaondoa hofu kubwa kuliko zote, ya kutuma kitu kwa watu wasiojulikana kwa bahati mbaya.

Kiraka cha kwanza ajitumie mwenyewe

Usimpeleke mgeni moja kwa moja kwenye orodha ya mradi. Tengenezeni folda tupu, `git init`, faili moja la maandishi lenye mistari mitatu, komiti ya kwanza. Abadilishe neno moja, afanye komiti ya pili, kisha:

`git format-patch -1 -s`

Linazaliwa faili linaloanza na 0001 na kuishia na .patch. Mfungulie, msome pamoja mstari kwa mstari, msiwe na haraka. Mstari wa kwanza kabisa una msururu wa herufi na namba za komiti, kisha tarehe: Mon Sep 17 00:00:00 2001. Mgeni atasema saa ya kompyuta imeharibika. Haijaharibika, tarehe hiyo ni ileile katika kila kiraka kinachotengenezwa na Git duniani, imewekwa kama alama ya kutambulisha aina ya faili, na tarehe halisi iko chini yake. Halafu kuna mtumaji, kichwa cha barua chenye [PATCH], maelezo aliyoyaandika kwenye komiti, na mstari wa Signed-off-by ulioletwa na ile `-s`. Chini yake vistari vitatu. Mwonyeshe vistari hivyo kwa kidole, kwa sababu vina kazi: kilicho juu yake kitaingia kwenye historia ya mradi, kilicho chini yake ni mazungumzo na mkaguzi na kitatupwa kiraka kikiingizwa. Mwisho kabisa ni tofauti yenyewe, mstari wa zamani ukitanguliwa na alama ya kutoa, mpya ukitanguliwa na alama ya kujumlisha.

Mtu aliyesoma faili hili kwa utulivu mara moja hashangazwi tena na lolote litakalofuata. Kwa hiyo mpe hata saa nzima.

Sasa atume kwa anwani yake mwenyewe, kisha kwako:

`git send-email --to=anwani@mfano.com 0001-*.patch`

Wewe ukiipokea, ihifadhi barua kama faili na uiingize kwenye nakala yako kwa `git am`. Mgeni ajionee kwa macho yake badiliko lake likiwa kwenye kompyuta nyingine, na jina lake likiwa bado ndilo la mwandishi. Fanyeni na kinyume: wewe umtumie, yeye aingize. Mkimaliza, mwambie anakili kiraka kilekile akibandike kwenye Gmail ya simu na kukutumia, kisha mjaribu kukiingiza. Kitakataliwa, kwa kuwa nafasi zimebadilika na mistari imekatwa. Kuanzia hapo huna haja ya kumhubiria kwa nini kiraka hakibandikwi, atakuwa ameona.

Tafuta kazi ambayo yeye ndiye mjuzi

Kiraka cha kwanza cha kweli kiwe kidogo kiasi kwamba jambo pekee jipya ndani yake ni njia ya kukifikisha. Watu wengi humwelekeza mgeni asahihishe tahajia ya Kiingereza kwenye maelezo ya kerneli. Si vibaya, lakini mimi naona tunapoteza nafasi. Mtu wa Manyoni ana ujuzi ambao wakaguzi wa Ulaya hawana: anakijua Kiswahili na anaijua Tanzania.

Ndani ya glibc kuna faili liitwalo sw_TZ, kwenye folda ya localedata/locales. Humo ndimo kompyuta inapoelezwa majina ya siku na miezi kwa Kiswahili cha Tanzania, vifupisho vyake, namna ya kuandika tarehe, alama ya shilingi. Kuna na ndugu yake, sw_KE, la Kenya. Wanaotumia Linux kwa Kiswahili cha Tanzania wanalitegemea faili la sw_TZ bila kujua. Mgeni alifungue faili hilo na alisome kama asomavyo kazi ya mwenzake: kifupisho hiki tunakitumia kweli? Tarehe inaandikwa hivi kwenye barua za halmashauri? Kama kila kitu ni sawa, tafuteni kazi nyingine. Msitengeneze kosa ili mpate cha kurekebisha.

Uzuri wa faili hili ni kwamba halihitaji kujenga glibc yote ndipo ulijaribu. Mkiwa kwenye folda kuu ya mradi:

`I18NPATH=localedata localedef -i sw_TZ -f UTF-8 /tmp/sw_TZ.UTF-8`
`LOCPATH=/tmp LC_ALL=sw_TZ.UTF-8 date "+%A %d %B %Y"`

Amri ya pili inachapa tarehe ya leo kwa Kiswahili kutoka kwenye faili mlilobadilisha. Ni sekunde chache, bila mtandao.

Mwandae mgeni kwa swali ambalo hakika ataulizwa: CLDR inasemaje? Hiyo ni hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode, na wasimamizi wa glibc hupenda data zao zifanane nayo. Kama hazifanani, aeleze kwa nini, na alete ushahidi. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ni ushahidi. Fomu ya serikali ni ushahidi. "Sisi tunasema hivi" peke yake haitoshi, hata kama ni kweli, kwa sababu msomaji wa upande wa pili hana namna ya kuipima.

Kuhusu hakimiliki, mambo yamelegea sana. Zamani mchangiaji wa glibc alitakiwa kwanza kutia saini karatasi za kuikabidhi hakimiliki Free Software Foundation ya Marekani. Tangu Agosti 2021 inatosha kuthibitisha asili ya kazi yako kwa mstari wa Signed-off-by, utaratibu ulioanzishwa na kerneli ya Linux mwaka 2004. Mstari huo ni tamko kwamba msimbo ni wako au una haki ya kuutoa. Kwa hiyo mwonye mtu anayefanya kazi ofisini: mfumo wa hospitali au wa halmashauri si mali yake, na faili la majaribio lenye majina ya wagonjwa lisionekane kabisa kwenye barua ya umma.

Kama anayependa historia yupo kati yenu, kuna mradi mwingine unaopokea viraka kwa barua pepe nao ni hifadhidata ya majira ya dunia, ile inayoifanya simu yako ijue saa. Ndani yake imeandikwa kwamba Dar es Salaam ilikuwa saa tatu mbele ya Greenwich, ikarudishwa saa mbili na dakika 45 mwaka 1948, ikarejeshwa saa tatu mwaka 1961. Mwenye gazeti la serikali la enzi hizo linalothibitisha au kusahihisha tarehe kama hizo ana mchango ambao mwandishi hodari wa msimbo wa California hawezi kuutoa.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kazi kubwa ilikuwa ya watu waliojua lugha.

Maelezo ya komiti

Hapa kaa na mgeni muda mrefu kuliko kwenye msimbo. Maelezo yataandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza ndicho kinachowafunga wengi mdomo. Njia ninayoiamini ni hii: kwanza akueleze kwa Kiswahili, kwa mdomo, mambo matatu. Sasa hivi hali ikoje? Ubaya wake ni nini kwa mtumiaji? Wewe umefanya nini? Akiweza kuyasema hayo kwa sentensi tatu, kuyaandika kwa Kiingereza kifupi si mlima. Sentensi fupi. Kitenzi cha kuamuru kwenye kichwa. Asiombe radhi kwa Kiingereza chake wala kueleza kwamba ni mwanafunzi. Nafasi ile ni ya msimbo.

Kichwa kianze na sehemu inayoguswa, kwa mfano `localedata: sw_TZ:` kikifuatiwa na badiliko kwa maneno machache. Asikisie mtindo. Aandike `git log --oneline .` kwenye folda husika aone wenzake waliandikaje, aige. Ikiwa nakala yake ni ile isiyo na historia, mchapishie wewe vichwa kumi ishirini kutoka kwenye nakala yako. Kwa kerneli, amri mbili zilizomo ndani ya mradi wenyewe humwongoza: `scripts/checkpatch.pl` hukagua umbo la kiraka, na `scripts/get_maintainer.pl` humtajia atumiwe nani.

Kabla ya kutuma, kiraka kiende kwanza kwa mgeni mwenyewe, kisha kwako. Msome kama mkaguzi. Mkiridhika, weka anwani ya orodha ndani ya folda ya mradi huo, ili asiiandike kwa mkono kila mara na kukosea:

`git config sendemail.to libc-alpha@sourceware.org`

Baada ya kutuma

Hii ndiyo sehemu inayopoteza watu wengi, na hakuna amri ya kuitibu. Lazima umwambie mapema.

Kwanza, kimya. Miongozo ya kerneli inasema majibu kwa kawaida huja ndani ya wiki mbili hadi tatu, na usikumbushe kabla wiki moja haijapita. Mgeni akitegemea jibu kesho yake, siku ya tatu atakuwa amekata tamaa. Mwandikieni kabisa kwenye kalenda siku ya kukumbusha, na mpaka siku hiyo afanye kitu kingine.

Pili, jibu lenyewe. Sisi tumelelewa kwamba barua huanza na salamu: hujambo, habari za huko, natumaini u mzima. Jibu la mkaguzi litakuja bila hata moja ya hizo. Litanukuu mstari wa mgeni, na chini yake litasema tu kwamba hapa si sahihi, kwa nini umefanya hivi. Mtu aliyelelewa Manyoni anasoma ukali, pengine dharau. Mara nyingi ni kinyume: mtu mwenye mamia ya barua ametenga dakika zake kusoma mstari wako mmoja kwa makini. Msome pamoja jibu la kwanza. Usimwache alisome peke yake usiku. Na kama kweli kuna lugha ya matusi, mwambie si halali, miradi mikubwa ina kanuni za mwenendo na watu wa kuwapelekea malalamiko.

Namna ya kujibu: chini ya kila hoja, si juu ya barua yote, na kwa maandishi ya kawaida. Barua za kerneli zenye HTML hurudishwa na seva, na Gmail ya simu hutuma HTML, kwa hiyo ajibu akiwa kwenye kompyuta baada ya kuchagua hali ya maandishi matupu. Ajibu kila swali, hata kwa kusema "nimerekebisha" au "sikubaliani, kwa sababu hii". Kukaa kimya kwenye hoja moja humfanya mkaguzi adhani haikusomwa.

Toleo la pili hutengenezwa kwa `git format-patch -v2 -1 -s`, na kilichobadilika tangu la kwanza huandikwa chini ya vile vistari vitatu. Matoleo matatu, manne, ni kawaida hata kwa wazoefu. Mwambie hili kabla ya toleo la kwanza, isije ikaonekana umemtungia faraja baadaye.

Kama mradi ni wako

Wewe mwenye mradi una uwezo mkubwa kuliko mwongozo wowote. Weka kwenye faili la maelezo anwani moja tu ya kupokelea viraka na mfano mmoja kamili wa kunakili, kuanzia `git clone` hadi `git send-email`. Mpangilio wa `sendemail.to` hausafiri pamoja na nakala ya mradi, kwa hiyo andika hati fupi ya amri ambayo mgeni ataiendesha mara moja ikamwekea kila kitu.

Kiraka cha kwanza kikija kama kiambatisho, kipokee. Kikija na nafasi za ziada mwishoni mwa mistari, zifute wewe mwenyewe wakati wa kukiingiza, mwandishi akibaki ni yeye, na umweleze kwa upole ulichofanya. Kumrudishia mtu kazi yake nzuri kwa sababu ya nafasi tupu ni kumfukuza, na sioni mradi wetu wowote hapa Tanzania wenye wachangiaji wa kufukuza. Jibu ndani ya siku mbili hata kama huna muda wa kukagua: "Nimekiona, nitakisoma Jumamosi." Anza na salamu. Na kama watumiaji na wachangiaji wote ni watu wa hapa, ruhusu maelezo ya komiti yaandikwe kwa Kiswahili.

Kwa anayeijua GitHub tayari na kuogopa seva za barua, yako madaraja. Mradi wa Git unapokea pia kupitia GitGitGadget, ambayo huligeuza ombi lililofunguliwa GitHub kuwa viraka na kuvituma kwenye orodha kwa niaba ya mtu. Kwa kerneli kuna b4, iliyoandikwa na Konstantin Ryabitsev, inayoweza kupeleka viraka kupitia wavuti bila kupitia seva ya barua ya mtumaji. Ni msaada wa kweli mahali ambapo mtandao umefunga milango ya barua. Hata hivyo mazungumzo baadaye hurudi kwenye barua pepe, kwa hiyo mafunzo ya kujibu hayaepukiki. Wanaowaza ajira wajue pia kwamba Outreachy, inayotoa mafunzo kazini yenye malipo mara mbili kwa mwaka, huwataka waombaji wachangie kwenye mradi wakati wa kuomba. Aliyechagua kerneli huchangia kwa viraka vya barua.

Karatasi ya kubandika ukutani

Chapisha makosa haya pamoja na tiba zake, uyabandike juu ya kompyuta. Mgeni akikutana nayo usiku wewe hupo, asikwame.

*'send-email' is not a git command*: kifurushi cha git-email hakijasakinishwa.

*Please tell me who you are*: jina na anwani havijawekwa kwenye mipangilio.

*5.7.8 Username and Password not accepted*: ametumia nywila ya kawaida ya Gmail badala ya ile ya herufi 16, au amebadilisha nywila ya akaunti na ile ya programu ikafutika. Atengeneze nyingine.

*Unable to initialize SMTP properly*: hakuna mtandao, au mlango 587 umefungwa pale alipo. Ajaribu mtandao wa simu kabla ya kugusa mipangilio.

*corrupt patch*: kiraka kimebandikwa au kuhaririwa kwa mkono, mistari ikakatika. Akitengeneze upya kwa `git format-patch`, asikitengeneze kwa kukirekebisha.

*patch does not apply*: mradi umesonga mbele tangu apakue. Avute mabadiliko mapya, afanye badiliko lake juu yake, atume kama v2.

Na la mwisho halina ujumbe wa kosa: barua imeondoka salama lakini haionekani kwenye kumbukumbu za orodha. Asubiri saa chache, kwani baadhi ya orodha hushikilia barua ya kwanza ya mtu mpaka ipitishwe, na nyingine hutaka ajiandikishe kwanza. Aangalie pia kikasha chake kama seva imemrudishia. Asiitume tena mara tatu. Siku ya pili ikipita bila kuonekana, aandike barua fupi kwenye orodha kuuliza, na wewe uwe umeketi naye anapoiandika.